Kinyozi Aliyenyamaza Kwenye Upepo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka mtu aliyekuwa na mdomo usiojua likizo. Kinyozi wetu. Amefariki wiki iliyopita nyumbani kwake, kwa maradhi ya moyo. Mimi alininyoa miaka mingi, na sikumbuki siku niliyomaliza sentensi yangu kwenye kiti kile.

Penzi lake lingine lilikuwa gofu ya visahani. Kama hujawahi kuiona, ni hivi. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Bega lilipomgomea, Kinyozi akaacha kurusha, akawa anambebea mkoba binti yake, ambaye ni muuguzi. Anambebea na kumshauri, hasa upepo ukivuma. "Upepo wa mbele huo, rusha chini, usitie nguvu." Hivyo hivyo, kutwa nzima.

Mkewe ananiambia, "Mume wangu alibishana hata na redio. Wewe mwenyewe alikubishia kila jioni." Shemeji, naamini kabisa.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa fainali. Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa moja, moja tu. Upepo ulichachamaa tangu asubuhi, ukang'oa mahema mawili. Wamefika kikapu cha mwisho. Mpinzani amekwisha kumaliza. Binti yuko hatua kama kumi kutoka kikapuni. Akiingiza, nafasi ni yake. Akikisogeza tu kisahani karibu na kikapu, watatoka sare na kuanza upya. Lakini akikosa na upepo ukakinyanyua, nyuma ya kikapu kuna bwawa. Narudia, nyuma ya kikapu kuna bwawa. Kikitua humo, safari imekufa.

Nilikuwepo, kipaza sauti mkononi. Upepo wenyewe kigeugeu. Unakupiga usoni, mara ubavuni, mara kimya, halafu unarudi na hasira zake. Binti akageuka.

"Baba, unasemaje?"

Kinyozi akaangalia nyasi. Akaangalia maji. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Baba, nirushe au nisogeze tu?"

Kimya. Watu wakaanza kunong'onezana. Nikadhani mzee anaumwa. Muda wa kurusha unayoyoma. Yeye akampanulia mkoba, basi.

Binti akachagua mwenyewe kisahani kigumu, kikuukuu. Upepo ukapungua, akainua mkono. Ukarudi, akaushusha. Akasubiri tena. Kisha akarusha, chini, taratibu. Kikayumba. Kikanyanyuka kidogo, na roho zetu nazo. Kikagonga minyororo, kikazunguka, kikabaki ndani. Nafasi ikawa yake.

Mimi nilipiga kelele hewani mpaka nikaaibika. Binti mwenyewe hakufurahi. Amenisimulia juzi, pale msibani.

"Ndani ya gari nilimwakia. Nikamwambia, siku zote unanijaza maneno masikioni, leo ndiyo unanitupa? Akaegesha gari pembeni. Akasema, 'Sikujua, mwanangu. Upepo ule ulinishinda. Na ningesema neno lolote ungelifuata, kwa sababu nimesema mimi.'"

Nikamuuliza, ikawaje baada ya hapo? Akafuta macho. "Tangu siku ile, Baba akiniambia jambo, nilikuwa silipimi tena. Nilijua analijua."

Kwa mama, kwa dada yetu muuguzi, na kwa wote mliozoea kukalia kiti kile, poleni sana. Tumepungukiwa, na inauma. Mungu ampumzishe pema.

Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako yupo mtu anayefuata kila unachosema, kwa sababu tu umesema wewe. Kesho atakuja kukuuliza jambo usilolijua. Mwambie hujui.