Asali Ndani ya Gari la Wagonjwa

Mniwie radhi, wasifu huu nimeuchelewesha mno. Mtoto anaota meno. Yeye halali, nami silali.

Tarehe 30 Juni 1956 Mzee Dionis Mahona, dereva na fundi wa gari la wagonjwa la hospitali yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano. Wengi watamkumbuka kwa kofia yake iliyolowa mafuta na amri yake moja: gari likigoma, usiliguse kabla hujalisikiliza. Mimi namkumbuka kwa safari ya Goweko.

Mwaka jana nilikwenda kwa mama yangu, Goweko, kujifungua. Mtoto akawa amekingama tumboni, mkunga akanawa mikono, akasema huyu apelekwe Tabora upesi. Mzee Dionis akaitwa, akaja na gari. Mume wangu Hilari, mrina asali, akaona petroli ni kidogo, akakimbilia akiba ya petroli tuliyoiweka nyumbani, akaimimina kwenye tangi. Hatujafika Igalula, gari likakohoa, likazima.

Hilari alipiga hendeli, ile ya kuzungushia injini, mpaka shati likamganda mgongoni. Kimya. Mama yangu akafoka, "Dionis, babu yako alibeba pembe za ndovu njia hii hii, wala hakupigwa hendeli!"

"Babu hakubeba mzazi, Mama Leonia. Nyamaza nisikie."

Akachomoa plagi, akailaza juu ya chuma, Hilari akazungusha. Cheche ikaruka. Moto upo. Akainusa plagi: kavu, hata harufu ya petroli haina. Basi chakula hakifiki, akasema. Uchungu ulinibana, nikauma kanga. Mzee hakugeuka kunitazama. Akafungua bomba linalopeleka petroli kwenye kabureta, halikudondosha kitu. Akalivuta kwa mdomo, akalamba midomo.

"Hilari, petroli ile ilikuwa ndani ya nini?"

Hilari akashika kichwa. Debe la petroli lilivuja, akaihamishia kwenye debe lake la asali bila kulisuuza.

"Umelikirimu gari kama mkweo!" Mzee akamwambia.

Asali ni nzito, ilikuwa imezama chini ya tangi. Mzee akalegeza skrubu ya chini, asali ikashuka kwa uvivu wake, nami nahesabu pumzi, hadi petroli safi ikafuata. Akapuliza bomba mpaka macho yakamtoka. Hilari akapiga hendeli. Gari likaitika.

Tabora tulimkuta daktari mlangoni mwa hospitali. Aliyekuwa tumboni ndiye huyu anayening'ata sasa. Anaitwa Dionis.

Asante, Mzee wetu. Shamba likupe, mwili ukutii, na asije mtu kukugongea mlango tena.

Kwa sherehe ya kumuaga bado nasubiri mniletee mabenchi ya wodi ya wanaume, sufuria kubwa ya jikoni, mchele, na picha ya Mzee akiwa na gari. Asali ataleta Hilari. Ailete kwenye kibuyu. Debe sitaki kuliona.