Vivimbe Vilivyotoka Kwenye Damu

Jumapili, mwezi wa Aprili 1956. Mvua imenyesha hapa Misikhu tangu alfajiri, na mabati ya kanisa yalipiga kelele mpaka nikalazimika kupaza sauti. Naandika yale niliyosimama kushuhudia, maana nahofu niliruka mengine.

Ndugu zangu, Bwana na asifiwe hata kwa mvua hii! Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo mambo ya damu nitayasema jinsi nilivyoelewa.

Nilikuwa nikikamua ng'ombe katika shamba la mzungu kule Endebess. Kwanza nguvu ziliniisha. Usiku nililowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Kisha ngozi ikatoa vivimbe, kifuani, mgongoni, hata usoni, vigumu, rangi ya zambarau iliyoiva. Nyapara akasema, "Wewe usishike maziwa tena." Simlaumu. Hata mimi nisingekunywa maziwa yale.

Nyumbani kila mtu alisema ni ukoma. Kaka yangu mkubwa, Simiyu, akanijengea kibanda chini ya migomba, akanipa bakuli la peke yangu. Ndugu zangu, msimhukumu! Alikuwa na watoto wadogo, na nyasi za kibanda alizikata kwa mikono yake. Lakini mke wangu Nafula aliweka chakula juu ya jiwe na kurudi nyuma, na mtoto wetu akaanza kuniita "yule mtu". Nikalia: Ee Mungu, nitakufa sijamshika mwanangu tena? Niliomba. Siku nyingine sikuomba, nililala tu.

Basi akaja Wekesa. Tulitahiriwa siku moja, na mnajua, mkoki wako, yule mliyetahiriwa pamoja, hana adabu kwako, wala haambiwi akae mbali. Alipita lile jiwe, akaingia.

"Sura mbaya ulikuwa nayo tangu zamani," akasema. "Sasa umeamua kuiongezea?"

"Toka, utaambukizwa."

"Si tulisimama mbele ya kisu pamoja, bana? Inuka twende Kitale. Ukifa, nani atanitukana?"

Akanibeba kwa baiskeli mpaka barabarani, tukapanda lori la mahindi.

Hospitalini Kitale, daktari alinichoma kivimbe kwa sindano, nikaruka. Akacheka. "Ukoma huua ngozi, mtu hasikii. Wewe umeruka kama mbuzi!" Akaniminya tumbo, akakuta bandama limevimba. Akatoa damu, akakata na kipande cha kivimbe, akavitazama kwa mashine yake. Ndipo akaniambia: ugonjwa uko ndani ya damu. Ile sehemu nyeupe ya damu imezidi mno, na nyingine imetoka ikajikusanya kwenye ngozi. Haumwambukizi mtu. Akanipa vidonge, na polepole vivimbe vikaanza kulala.

Lakini nyumbani Simiyu hakuamini. "Madaktari nao hukosea," akasema, na ni kweli, hukosea. Wekesa akachukua tonge kutoka mkononi mwangu, akalila mbele ya wote.

"Simiyu, kama nadanganya, nijengee kibanda cha pili!"

Watu wakacheka. Simiyu hakucheka. Alinawa mikono, akaketi, akamega ugali kwenye bakuli langu. Nafula alipoona hivyo, akamsukuma mtoto magotini pangu. Aleluya! Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

Ndugu zangu, sisemi nimepona. Daktari hakusema hivyo, nami sitamsingizia Mungu. Alisema vivimbe vyaweza kurudi, na nikiviona nirudi Kitale. Sijui kama Mungu alitumia vidonge ama Wekesa. Nafikiri vyote viwili. Najua tu kwamba nilikuwa nimetengwa, na leo nimo nyumbani mwangu, namshukuru Mungu. Wewe uliye peke yako na ugonjwa usio na jina, mtumaini, na ukubali kuinuliwa. Nawe uliyemtenga mtu, mpeleke kwanza akapimwe.

Jioni tumekula ugali wa wimbi na uyoga alioleta Nafula kutoka shambani. Mtoto alisinzia kabla ya kumaliza wake, nikaumaliza mimi.