Mayai ya Kupeleka Soni

Tulipotoka Mponde, dada wa siti ya mbele yangu alipakata trei ya mayai, huku akimnywesha mwanawe chai ya rangi. Mama mtu mzima aliyekaa naye alivumilia mpaka kona ya tatu. "Mwanangu, nywele za mtoto zimekuwa nyekundu. Mayai unampelekea nani?"

"Ya kuku wa nyumbani, nayapeleka kuuza Soni, mama."

"Na huyu anakula nini?"

"Ugali. Na chai."

"Kila siku? Kuku wanataga uani kwako, mtoto anavimba miguu, na wewe huoni aibu?"

Nikajifanya naangalia migomba.

Dada alijibu kwa hasira. "Kuku nawalisha mimi, lakini mayai si yangu. Anayahesabu mwenyewe kila jioni. Hayo maneno mpe mume wangu, yule pale kakaa na dereva."

"Baba, wewe wa mbele," mama akaita. "Umesikia?"

Hakugeuka, ingawa redio ya gari ilikuwa mbovu tangu asubuhi na kila neno lilifika mbele.

Soni gari likasimama, wauza mayai ya kuchemsha wakakimbilia madirishani. Baba mtoto akanunua mawili, akaomba chumvi, akayamaliza yote kabla hajashuka.