Picha za Mazishi na Diski Mbili

Habari hii alinisimulia kwanza mjomba wangu Okot, Krismasi ya mwaka 2009, naye alikuwapo. Benchi alilokaa na wenzake lilikuwa nje ya studio ya picha, chini ya nyumba za polisi Nsambya, ambapo Perpétue wa Bukavu aliuza kahawa. Kompyuta ya studio ilikuwa na diski mbili zinazotunza picha zilezile, moja ikifa nyingine ibaki. Umeme ukikatika, diski moja ilibaki nyuma, na draiva, programu inayoziongoza, ilikuwa ikichagua ovyo ipi ifuatwe. Kidega, fundi wa studio, akairekebisha ifuate diski yenye picha za karibuni, ila ulinganisho wa tarehe akauandika kinyume. Umeme uliporudi, diski iliyobaki nyuma ikanakiliwa juu ya ile iliyokuwa mbele. Picha za mazishi ya mama yake Perpétue zikafutika. Kaka yake, Hippolyte, ambaye vita vilimzuia kumzika mama, alikuwa njiani kuja kuziona.

Okot, waliyemwita Afande, alianza:

– Ni umeme tu. Umeme wa Kampala unakula picha.

Faustino, mstaafu wa reli, waliyemwita Reli, akakataa:

– Umeme unakula balbu, Afande. Hii ni panya. Wanafuata njia ya treni kutoka mtaa wa Namuwongo.

– Panya anaingia diski?

– Anatafuna waya, picha zinamwagika.

– Basi sema treni. Ikipita, picha zinatikisika zinaanguka.

– Treni imepita hapa lini? Mimi nayo tulistaafu pamoja.

Perpétue akamgeukia Kidega, aliyekaa mwisho wa benchi.

– Kidega, kahawa yako inapoa.

– Nakunywa, mama.

– Mimi naona ni marehemu mwenyewe, akasema Reli haraka. Hakupenda kupigwa picha.

– Mama? Alipenda picha kuliko chakula, mzee.

Reli na Afande walijua kosa ni la Kidega. Kidega aliwaambia jana yake. Walikuwa wakirundika maneno ili jina lake lisipate nafasi.

Hippolyte alifika na begi mkononi, akawasikiliza akiwa amesimama.

– Dada, nani aliigusa hiyo mashine mara ya mwisho?

Afande alitazama barabara. Reli alinyoosha kikombe aongezwe. Perpétue aliinamisha birika, halikutoa kitu. Kahawa iliyobaki ilikuwa ya Kidega, bado imejaa, naye akaiweka chini bila kumtazama Hippolyte.

Faustino ameshafariki, na Hippolyte pia. Okot yu hai. Kidega yu hai. Aliisahihisha draiva wiki ileile, na haijakosea tena. Perpétue yu hai, na bado humwekea Kidega kikombe cha kwanza.