Tomu ya Mdundo Inasikika Kama Godoro

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, pembeni ya kibanda cha Kisigino fundi viatu, na ikifika saa nne asubuhi halikosi watu. Siku hiyo lilikuwa na mgeni: tomu ya Mdundo, ile ngoma kubwa inayosimama mkono wa kulia wa mpiga dramu, imekalishwa katikati kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Mdundo alikuwa hajalala vizuri. Jana yake mazoezini, shemeji yake, mume wa dada yake na ndiye mwenye bendi, alimwambia mbele ya wenzake kwamba tomu zake zinasikika kama mtu anayepiga godoro. Jumamosi kuna harusi. Zikibaki vile, midundo itatoka kwenye kinanda kwa kubonyeza kitufe, na yeye atakaa na wageni waalikwa. Miaka kumi na moja ya kupiga, halafu kitufe. Ilimuuma sana.

— Nikilegeza ngozi, sauti inakuwa nzito lakini pigo halisikiki, alieleza huku akimimina kahawa. Nikikaza, pigo linasikika ila ngoma inalia kama debe. Mimi nataka vyote viwili, uzito na ukali.

— Wewe lini ulitaka kimoja? akauliza Fyuzi.

Fyuzi ni fundi umeme mstaafu. Anajua chanzo cha kila hitilafu duniani isipokuwa ile ya taa ya barazani kwake, ambayo huu mwaka wa tatu haijawaka.

Kisigino aliacha kiatu cha watu, akaigonga ile ngozi kwa mpini wa nyundo, akainamisha sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwa maoni yake ngoma ilikosa soli. Kiatu kinachosikika ukumbini ni chenye soli ngumu, kwa hiyo tubandike kipande cha mpira katikati, pale fimbo inapotua. Fyuzi alisema hayo ni mambo ya miguuni. Sauti, kwa jinsi alivyoieleza, inavujia ardhini kupitia miguu ya chuma, ndiyo maana haifiki kwa watu. Isimamishwe juu ya tairi. Kisigino akaona tairi haitoshi, tupigilie misumari ya visigino kwa ndani, pande zote, ilie yenyewe. Fyuzi akaomba kimya, akafumba macho, akatoa uamuzi: ijazwe maji robo.

— Maji? Mdundo aliuliza.

— Maji mazito, bwana. Uzito umepata hapo.

— Na ukali?

— Weka baridi.

Mdundo alicheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Kisigino, ambaye hana dogo, alishaingiza mkono kupitia ule uwazi wa chini ambako ngozi ya pili ilikuwa imefunguliwa, akatoka na pembe ya kitambaa.

— Hebu. Ngoma imevaa taulo?

— Ilikuwa inavuma, alisema Mdundo kwa aibu. Kila nikipiga inabaki inavumavuma pale masikioni. Nikabandika taulo inyamaze.

— Basi imenyamaza, akasema Fyuzi. Shemeji yako naye kasikia ilivyonyamaza.

Wakati wanacheka alifika mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, amekuja kuchukua viatu vyake. Havikuwa tayari, kwa hiyo alipewa nafasi na kikombe. Aliwatazama wanaume watatu walioinamia ngoma moja, vichwa vinakaribia kugongana, akasikiliza habari ya tairi, misumari na maji hadi mwisho.

— Jumamosi watu watakaa humo ndani ya ngoma? aliuliza.

— Hapana, mama. Watakaa mbele.

— Mimi nikimpima mteja nguo, siwi ndani ya nguo. Nasimama mbele, narudi nyuma, naangalia. Sasa huyu baba akishakaza na kulegeza, nani huwa anasimama kule mbele akamsikilizia?

Fyuzi alimtazama Kisigino. Kisigino alitafuta kiatu alichokuwa anashona, nacho kilikuwa mkononi mwake. Mdundo mwenyewe aliinamisha kichwa, maana hapo ndipo alipojua kilichokuwa kinamuuma tangu jana. Miaka kumi na moja amewaletea watu hawa habari za kumbi, za maharusi waliokataa kuondoka, za fimbo iliyovunjika katikati ya wimbo, nao wamezinywa pamoja na kahawa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia akipiga.



Kisigino alivua aproni yake. Alivuka barabara, akasimama ukutani upande wa pili, mikono nyuma.

— Toa hilo taulo, alipaza sauti. Piga.

Mdundo alitoa taulo, akairudisha ngozi ya chini na kuifunga. Ya juu aliikaza kidogo tu, robo mzunguko kila skrubu. Alipopiga, ule mvumo ulimjaa masikioni kama kawaida, akakunja uso akisubiri kuambiwa debe. Kule ng'ambo Kisigino aliinua kidole: tena. Mdundo alipiga tena, katikati kabisa, kwa mkono wote.

— Huo mvumo unaousema mimi siusikii, Kisigino alisema. Nasikia fimbo ikigusa, halafu tumbo linatikisika.

Fyuzi naye alivuka, kwenda kuhakikisha kitaalamu. Walisimama pamoja ukutani, wazee wawili wametulia, wakamwacha apige mpaka mikono ikapata moto.

— Mdundo, Kisigino aliita ngoma ilipotulia. Hiyo Jumamosi, ukumbini tunaingilia mlango gani?

— Wa mbele, alijibu Mdundo. Mkishaingia simameni mbali, kama hapo.