Vidole Vilivyojikunja

Ndugu zangu wa hapa mtaani Lindi, kaeni tu, makofi tutapiga baadaye. Mimi mnanijua. Ni msusi, hivi vidole ndivyo vinanilisha. Na baadhi yenu mlivishika siku ile, kwa hivyo nikikosea mnirekebishe.

Mnakumbuka nilikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Likatolewa hospitalini, nikarudi kusuka. Haikupita muda, midomo ikaanza kuniwasha kama imepakwa pilipili. Kisha nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, mkono ukajikunja, kidole gumba kikaingia kiganjani, vyote vikakataa kufunguka. Mteja alitoka mbio na nywele nusu! Mnacheka. Mimi sikucheka.

Mkanileta hapa kanisani. Mkasema ni pepo wa kule kwetu ziwani. Nikaambiwa nifunge, nisile wala kunywa. Ngoma zikalia, mkaniambia nipumue kwa nguvu nimtoe. Nawaambia, kila nilipohema mikono ilizidi kukaza, na ilipokaza mlizidisha ngoma. Miguu nayo ikashika. Koo likaanza kuziba. Nilijua nakufa, na sikuweza hata kuwaambia nakufa.

Dada yangu akatokea Kawangware, si mbali na hapa. Hakusalimia mtu.

"Nyinyi mtamuua huyu! Wacheni nimbebe!"

Tukaenda zahanati ya kwao. Mama mmoja wa hapa akatufuata, akisema pepo hatolewi kwa sindano.

Njiani vidole vililegea kidogo. Daktari aliangalia kovu la shingoni. Akanifunga mkononi ule mpira wa kupima presha, akaujaza hewa, akauacha hivyo. Tukangoja. Mbele ya macho yetu, vidole vikaanza kujikunja tena. Yule mama akaanza kukemea. Daktari akatoa hewa, na baada ya muda vidole vikalegea.

"Sasa mama," akamwambia, "huyu pepo anatii mpira?"

Akatueleza kwamba nyuma ya ile tezi yenye rovu kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele. Zinalinda kalsiamu kwa damu. Ikipungua, zinaitoa kwa mifupa, zinazuia figo zisiimwage kwa mkojo, na zinasaidia tumbo kuipata kwa chakula. Zangu ziliumia rovu lilipotolewa. Kalsiamu ikipungua, misuli inajikaza yenyewe, na kuhema kwa nguvu kunazidisha mkazo huo. Akanidunga dawa ya kalsiamu kwa mshipa, polepole sana. Kabla hajamaliza nilifungua kiganja. Nililia, jamani.

Leo nakunywa vidonge kila siku, na ninasuka. Asante daktari. Asante dada yangu, na ule ukali wako. Na nyinyi pia asanteni, mlinipenda, hata kama mlikaribia kunizika. Mgonjwa muombeeni, lakini mpeni maji, muacheni apumue, na apelekwe hospitali.

Mama uliyetufuata Kawangware, nakuona pale nyuma. Usiinamishe kichwa. Ile siku uliporudi ulikuwa wa kwanza kuwaambia watu ukweli. Kesho njoo kibandani nikusuke, na hivi vidole.