Sauti Ndani ya Santuri

Nje ya duka la kinyozi, kwenye benchi linalotazamana na kituo cha teksi, kahawa ilipoa vikombeni bila mtu kuikumbuka. Pindo, fundi cherehani, alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kupigia santuri, akavuta umeme kwa Kiwembe, kinyozi mwenyewe, na kuiweka juu ya stuli. Santuri alikuwa nayo moja tu. Mama yake aliimba humo kabla Pindo hajazaliwa, kisha akafariki mwanawe angali mchanga. Sauti ile Pindo hakuwahi kuisikia.

Lakini kila sindano ilipogusa santuri, mkono wa mashine unaoishika sindano hiyo uliteleza hadi katikati, krrr, kama paka juu ya bati.

— Mkono mwepesi huo, Kiwembe akasema. Utie sarafu kichwani, juu ya sindano. Ukikataa, ongeza nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

— Utaikwaruza, kaka. Sina santuri nyingine.

Gia, dereva wa teksi, alisema stuli ndiyo imelala upande, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi akaenda kutafuta tofali la kuiinamisha upande wa pili. Aliporudi nalo alikuwa na jipya: dunia yenyewe inazunguka kinyume na santuri. Kiwembe naye akaapa kuwa mkono ule umezoea nyimbo za mwenyewe wa kwanza, hivyo ubembelezwe.

Pindo hakuwasikia tena. Nyuma ya mkono aliona kijiuzito cha mviringo, akakijaribu, kikazunguka kama kifuniko cha chupa. Akakisogeza mbele, mkono ukalala. Akakirudisha kidogo, ukapanda. Kidogo tena, na mkono ukasimama wenyewe hewani, haupandi, haushuki, kama mizani isiyopunja mtu. Gia akaliweka tofali chini taratibu.

Sasa Pindo akakigeuza kijiuzito mbele kiasi cha unywele mmoja tu, apate mgandamizo, akashusha sindano.

Mwanamke akaimba.

Sauti nzito kidogo, imebeba kicheko. Kiwembe alimwacha mteja na povu shavuni, akatoka mlangoni. Pindo alikaa chini vumbini, machozi yanamtoka na meno yote nje.

— Ndiye, akasema. Ndiye mama.

Mkewe Pindo alikuwa amefika kumwita, akasimama kusikiliza. Wimbo ulipoisha, ndani ya santuri mwanamume akacheka kwa mahaba na kusema, “Rudia, mpenzi.”

— Na huyo ni nani? mkewe akauliza.

Pindo, aliyelelewa na bibi yake asiyewahi kumtajia baba yake, akamtazama Kiwembe. Kiwembe akamtazama Gia.

Pindo akauinua mkono kwa ncha ya kidole, akaurudisha mwanzo wa wimbo.